Kikombe Kimoja na Mtungi Mzima



Wale waliohudhuria Siku ya Wageni mwaka jana watakumbuka meza ya Chama cha Sayansi iliyowekwa karibu na mlango wa maabara. Juu ya meza hiyo palikuwa na kikombe cha bati chenye maji, na chini ya kikombe palikuwa na kibao cheupe, chembamba, ukubwa wake haupiti kisanduku cha kiberiti. Nyaya mbili zilitoka katika kibao zikaenda kwenye betri ya gari. Baada ya robo saa maji yale yalikuwa baridi kama yaliyotoka katika friji, na wageni wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyesimama nyuma ya meza ile. Mzee mmoja, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, aliniuliza kama chombo hicho chaweza kupoza maziwa ya mfugaji. Nilimjibu bila kusita, "Ndiyo, mzee, ni kuongeza ukubwa tu."

Leo nataka kukiri mbele yenu kwamba jibu lile halikuwa kweli. Sikukusudia kudanganya, lakini nilisema jambo nisilolipima. Tena jibu lile limezaa matunda. Wazee wetu wametuchangia fedha, na katika mkutano wa Chama wa mwisho wa muhula huu tutapiga kura kama fedha hizo zinunue vibao 30, ili tutengeneze "friji ya maziwa" ya maonyesho yajayo. Wenzangu wengi wanapenda shauri hilo. Mimi nalipinga, na naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili nieleze kwa nini.

Kwanza nieleze kibao chenyewe kwa ajili ya wasiosoma Fizikia. Mwaka 1821 Mjerumani mmoja, jina lake Thomas Seebeck, aliunganisha metali mbili za namna mbalimbali zikawa kama pete. Alipotia joto katika kiungo kimoja, sindano ya dira iliyokuwa karibu iligeuka. Joto lilikuwa limezaa umeme. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier, ambaye zamani alikuwa fundi wa saa, aliona kinyume chake: umeme ukipita katika kiungo cha namna hiyo, kiungo hupata joto au hupata baridi, kwa kadiri ya upande umeme unakoelekea. Mwaka 1838 Heinrich Lenz, huko Urusi, aliweka tone la maji juu ya kiungo cha bismathi na antimoni. Tone likaganda. Akageuza umeme, nalo likayeyuka.

Vibao vya leo ni mali ya ujuzi uliokua tangu miaka ya 1950, wataalamu walipogundua kwamba mchanganyiko wa bismathi na teluri hufanya kazi hii vizuri kuliko metali za zamani. Kibao cha kawaida kina jozi 127 za vipande vidogo, vimebanwa katikati ya vigae viwili. Umeme unapopita, vipande hivyo huchukua joto kutoka kigae kimoja na kulipeleka katika cha pili, kama wapagazi wabebao mizigo. Ukigeuza nyaya, wapagazi nao hugeuka, na upande uliokuwa baridi huwa moto. Kwa hiyo chombo kimoja chaweza kupoza na kupasha moto. Hakina gesi, hakina mota, hakina kelele. Ni kitu kizuri sana, na sishangai kwamba kilitupendeza.

Sasa nitasimulia yaliyonipata likizoni. Nyumbani kwetu ni Kiruhura, na kwetu maziwa ndiyo karo yangu. Maziwa ya asubuhi hupakiwa juu ya bodaboda yakapelekwa katika kituo cha kupozea. Maziwa ya jioni ndiyo taabu, maana hayana pa kulala. Mengine hunywewa, mengine hufanywa samli, na mengine huharibika. Basi mimi nilirudi nyumbani na sanduku nililolitengeneza kwa mbao na maboksi, ndani lina kibao kile kile cha Siku ya Wageni, feni ndogo, na betri ya gari. Nilimwomba baba anipe maziwa yote ya jioni, lita 20. Baba akanipa, kwa kuwa mwanawe anasoma Kampala.

Alfajiri nilifungua sanduku. Betri ilikuwa imekwisha usiku. Maziwa yaliyogusa ukuta wa kibao yalikuwa na ubaridi kidogo, lakini katikati ya mtungi yalikuwa vuguvugu. Tuliyapeleka kituoni hivyo hivyo. Mpimaji alichanganya maziwa kidogo na spiriti katika kijikombe, kama wafanyavyo wapimaji wote, akatikisa. Maziwa yakashikana vipande vipande, yaani yameanza uchachu. Akayakataa, na alikuwa na haki. Lita 20 zikarudi nyumbani.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Huko shuleni mlipoza kiasi gani?"

Nikajibu, "Kikombe kimoja, mama."

Akarudia, "Kikombe kimoja," kisha akaenda zake kusukasuka kibuyu.

Ndugu zangu, neno lile la mama lilikuwa hesabu kamili. Kikombe chetu cha maonyesho kilikuwa na maji robo lita kasoro kidogo, yaani mililita 200. Mtungi wa lita 20 ni vikombe 100 vya namna hiyo. Kama kikombe kimoja kilihitaji dakika 15, vikombe 100 vitahitaji dakika 1,500, ndiyo saa 25. Mtoto wa darasa la tano angeweza kulipata jibu hilo. Sisi wa kidato cha sita hatukulitafuta, kwa sababu makofi yalikuwa yamekwisha kupigwa.

Wale wapendao hesabu ya maabara nao waitazame. Maziwa hutoka katika ng'ombe yakiwa na joto la digrii 37 au 38, na mpaka yafike katika mtungi tuseme yamebaki na 35. Yanatakiwa yashuke hadi digrii 4, na upesi, katika saa chache, maana katika joto la kiwele vijidudu huweza kuzaana wakawa mara mbili kila nusu saa, au upesi kuliko hivyo. Kilo moja ya maziwa hutoa jouli kama 3,900 kwa kila digrii inayoshuka. Zidisha kilo 20 kwa 3,900 kwa digrii 31, utapata jouli 2,418,000. Kibao cha kawaida cha volti 12 na ampea 6 huweza kuhamisha wati 50 hivi wakati pande zake mbili zina joto sawa. Kadiri upande mmoja unavyozidi kuwa baridi kuliko wa pili, nguvu hiyo hupungua, na tofauti ikikaribia digrii 67 haibaki hata kidogo. Tukikadiria wastani wa wati 30, kazi ya mtungi mmoja ni sekunde 80,600, zaidi ya saa 22. Hesabu ya mama na hesabu ya maabara zinakaribiana sana.

Tena liko jambo lililonifundisha kwa nini maziwa yetu yalikuwa vuguvugu. Betri ilipokwisha, kibao hakikukaa kimya kama mlango uliofungwa. Kilikuwa daraja. Joto lililokuwa limerundikana upande wa nje likarudi kwa njia ile ile mpaka ndani ya maziwa.

Najua wenzangu watasema nini, maana wamekwisha sema mkutanoni. Neno lao la kwanza ni methali: haba na haba hujaza kibaba. Kama kibao kimoja hakitoshi, vinunuliwe 30. Haya, tuhesabu. Vibao 30 vitahamisha wati 900, na mtungi utapoa kwa dakika 45. Mpaka hapa wana haki. Lakini kila kibao hula wati 60 hivi, kwa hiyo 30 hula wati 1,800. Katika volti 12, huo ni mkondo wa ampea 150. Betri kubwa ya gari ya ampea-saa 60 itakwisha kwa dakika 24, yaani kabla mtungi haujapoa. Na yale joto yote, wati 900 za maziwa pamoja na wati 1,800 za umeme wenyewe, hutoka upande wa pili kwa pamoja. Ni wati 2,700, kama birika kubwa la umeme linalochemka bila kukoma, na ni lazima joto hilo liondolewe kwa feni au kwa maji, ama sivyo litarudi katika maziwa. Methali ni kweli, lakini kibaba chetu kinavuja.

Neno lao la pili ni jua. Wanasema, Uganda ina jua, na paneli za jua hutoa umeme wa volti 12 moja kwa moja. Ni kweli. Basi paneli ya wati 100, ikipata jua kali kwa saa 5, hutoa nusu uniti ya umeme kwa siku. Mtungi mmoja kwa njia ya vibao hutaka uniti 1 na theluthi hivi. Kwa hiyo mfugaji mwenye mitungi mitano atahitaji paneli 14 au 15 kwa kazi hiyo tu, na betri za kutunza umeme wa usiku. Friji ya kawaida ya kompresa, ile yenye mota na gesi tunayoidharau kwa kuwa ni ya zamani, hufanya kazi ile ile kwa robo ya umeme huo. Hata kama ni ya zamani, mkulima hulipa kwa uniti, halipi kwa upya wa kitu.

Neno lao la tatu ndilo gumu kuliko yote, nami nitalijibu kwa heshima. Wanasema, "Haya ni maonyesho tu. Wageni wafurahi, shule isifiwe, na fedha zitaongezeka." Kwa maoni yangu hapa ndipo penye hatari. Tangu Serikali ilipounda Shirika la Maziwa mwaka 1967, nchi yetu imejenga vituo, imenunua matangi, imefundisha wapimaji, na mfugaji amejifunza kwa gharama kwamba maziwa hayangoji. Katika mabanda ya maonyesho huwamo wageni ambao nyumbani wana ng'ombe. Mmoja wao akiuza ndama ili anunue alichokiona mezani petu, nani atamrudishia? Mimi nimeona kwa macho yangu lita 20 zikirudi nyumbani kwa sababu ya makofi ya maabara. Zilikuwa za baba yangu. Zingekuwa za mtu mwingine, nisingeweza kulala.

Basi je, kibao cha Peltier hakina kazi? La hasha. Kina kazi nyingi, lakini ni kazi za vitu vidogo. Mashine ndogo za maji ya kunywa zilizoko katika baadhi ya ofisi za hapa Kampala hutumia kibao hiki. Wakati wa ugonjwa wa Korona mwaka 2020, sampuli za watu zilipimwa Entebbe katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi, na mashine nyingi za upimaji wa namna ile hupasha moto na kupoza matone madogo ya maji mara nyingi kwa zamu. Kwa kazi hiyo kibao hiki hufaa sana, kwa kuwa hugeuka upesi kutoka joto kwenda baridi. Na kanuni ya Seebeck, ile ya joto kuzaa umeme, ndiyo iliyovipa nguvu vyombo viwili vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977 kwenda mbali na jua, mahali ambapo hakuna fundi wa kutengeneza mota. Kila chombo na mahali pake. Hakuna apimaye gunia la kahawa kwa mizani ya dhahabu.

Sasa nitoe shauri langu, maana kupinga bila kutoa shauri ni kazi rahisi.

Nilipokuwa nyumbani baada ya aibu ile, nilichukua kipimajoto cha maabara nilichoazima kwa ruhusa, nikapima maji ya kisima chetu. Yalikuwa digrii 21. Maziwa yalikuwa 35. Nikajiuliza: kwa nini tunalipa umeme kuondoa joto ambalo maji ya bure yangeweza kulichukua? Katika kitabu chetu cha Fizikia imo njia yake. Maziwa yapitishwe katika bomba jembamba lililo ndani ya bomba nene, na maji ya kisima yapite katikati ya mabomba hayo mawili yakielekea upande wa pili. Maziwa yanayoingia hukutana na maji yanayotoka, na maziwa yanayotoka hukutana na maji mapya yaliyo baridi zaidi. Viwanda vya maziwa hutumia kanuni hiyo hiyo kwa bamba nyingi zilizopangwa pamoja.

Hesabu yake ni hii. Maziwa yakishuka kutoka 35 hadi 24 tu, tumekwisha ondoa digrii 11 kati ya 31, zaidi ya theluthi moja ya kazi yote, bila uniti hata moja. Tukitumia maji mara mbili ya maziwa, maji hayo yatapanda digrii 5 hivi, na bado yatafaa kunywesha ng'ombe. Theluthi mbili zinazobaki zitahitaji friji ya kompresa au barafu, wala siwezi kusema vinginevyo. Lakini hiyo ni theluthi moja iliyopunguzwa katika mafuta ya jenereta au katika hesabu ya umeme, kila siku ya Mungu.

Na ili mjue tofauti: maziwa yanayopita katika bomba kwa lita moja kila dakika, yakipita juu ya kibao kimoja cha Peltier chenye nguvu ya wati 30, hushuka kwa nusu digrii. Nusu digrii tu! Ulimi hauwezi kuitambua.

Naomba basi fedha za wazee zinunue vitu hivi: vipimajoto vizuri, mita moja ya kupimia umeme unaotumika, na mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Tusinunue mabomba ya shaba, maana shaba huharibu ladha ya maziwa. Mafundi wa Katwe wanaweza kuyaunga mabomba hayo vizuri. Tununue na vibao, lakini viwili tu, ili wadogo zetu wa kidato cha pili waone ajabu ya Lenz kwa macho yao. Kisha Siku ya Wageni tuweke mezani vyote viwili, kibao na bomba, na mbele ya kila kimoja karatasi yenye tarakimu: lita ngapi, digrii ngapi, dakika ngapi, umeme kiasi gani. Mgeni akiuliza, "Chaweza kupoza maziwa yangu?" tumwulize kwanza ana lita ngapi.

Wengine watasema maonyesho ya bomba na karatasi hayatampendeza mtu. Nawakumbusha habari ya Erasto Mpemba wa Tanganyika. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, alitia maziwa ya moto katika friji kutengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakimcheka. Osborne naye hakumdharau, aliagiza jambo lipimwe, na mwaka 1969 wakaandika pamoja katika jarida la Fizikia. Mpaka leo wataalamu hubishana juu ya jambo lile, wengine wakikubali na wengine wakikataa. Lakini jina la mwanafunzi yule lajulikana duniani kote, na lilianza kwa maziwa na mtu aliyesema alichokiona, hata kilipomwaibisha.

Kwa mzee aliyeniuliza swali Siku ya Wageni, kama unasoma kurasa hizi: shikamoo, mzee, nami naomba radhi. Jibu sahihi lilikuwa "Hapana, mzee, si kwa kibao hiki, lakini tupe mwaka mmoja tupime kitu kingine." Na kwenu wanachama wenzangu: siku ya kura, kabla hamjainua mikono, kila mmoja achukue penseli na azidishe kikombe kimoja kwa mia.